Mgeni Apewe Jembe

Neno kujitolea ni zuri, na watu wetu wamelipenda tangu zamani. Mwenye kujitolea huushinda uvivu wake na choyo chake. Hutoa nguvu, wakati na maarifa aliyo nayo, wala hadai malipo. Shule nyingi za nchi hii zilisimamishwa hivyo: wazazi walifyatua matofali, wakabeba mawe na maji, na hakuna aliyeandikwa katika daftari la mishahara. Lakini kwa kuwa neno ni zuri, yatupasa kulilinda, lisije likafunika mambo ambayo yangefaa kutazamwa wazi. Leo twataka kulitazama mahali pamoja tu: katika darasa la Kiingereza, mbele ya watoto wa miaka kumi na mmoja mpaka kumi na minne, pale anaposimama kijana aliyetoka nchi ya mbali, naye amekuja kujitolea kufundisha.

Swali letu ni hili. Je, kufundisha watoto wa watu ni sadaka ambayo kila mwenye moyo mwema aweza kuitoa, kwa kadiri apendavyo na kwa siku azipendazo? Au ni dhamana, ambayo mwenye kuishika hana budi kuulizwa habari zake? Wazazi wengi hawakupata kulifikiri jambo hili. Mgeni ajapo hushangiliwa, aondokapo huimbiwa, na maisha huendelea. Sisi twaona kwamba swali lastahili jibu, maana watoto ni wetu.

Kila mwaka, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vimefungwa, vijana wengi hufika nchini kwa ajili ya kazi hii. Si wote wa namna moja. Wako wanaotumwa na serikali zao kwa miaka miwili, baada ya kufundishwa Kiswahili na desturi zetu. Wako wanaoletwa na makanisa na mashirika. Tena wako wanaojilipia nauli wenyewe, na juu ya nauli hulipa ada kwa makampuni ya kwao yanayowatafutia shule na mahali pa kulala. Hawa wa mwisho aghalabu hukaa wiki nne, sita au nane. Wengi wao si walimu; ni wanafunzi wa vyuo, au watu wa kazi nyingine walio katika likizo. Sifa yao kubwa ni kwamba Kiingereza walikinyonya kwa mama zao.

Tutwae mfano wa Chamazi, kwa kuwa pengi pamefanana napo. Chamazi ni kata ya Wilaya ya Temeke, kusini mwa jiji la Dar es Salaam. Ukifika Mbagala Rangi Tatu unaiacha Barabara ya Kilwa, unashika njia ya kwenda Mbande, ndipo unapoifikia. Wapenda kandanda huijua kwa uwanja wa Azam. Si zamani sana mahali hapo palikuwa mashamba. Leo ni nyumba hadi nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliwakuta watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakupata nafasi Kariakoo wala Upanga. Wengi wao walikwenda kutafuta kiwanja pembezoni, na watoto wao wakaenda nao.

Mgeni afikaye Chamazi huona vumbi, msongamano na umaskini, akadhani amefika kwa watu wanaongojea kusaidiwa. Haoni kila kitu. Mwaka 2008 wakaaji wengi wa Kurasini waliondolewa ili bandari ipate kupanuliwa. Wenye nyumba walikuwa na fidia yao. Wapangaji hawakuwa na cha kudai. Baadhi ya wapangaji hao, wakiwa katika shirikisho la wakaaji maskini wa mijini, waliweka akiba kidogo kidogo, wakanunua ekari 30 huko Chamazi, wakaanza kujijengea nyumba. Watu wa namna hii hawafai kuhesabiwa kuwa mikono mitupu. Yeyote aendaye kuwafundishia watoto wao na ajue kwamba anaingia katika nyumba ya watu waliokwisha kujifunza kujitegemea kwa taabu.

Hata hivyo haja yenyewe ipo, wala hatutaificha. Tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, watoto walifurika madarasani. Kiwango kilichokuwa kimewekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Lakini katika vitongoji vya Dar es Salaam si ajabu kukuta darasa lililozidi mara mbili ya hesabu hiyo, na shule inayogawa siku, hawa asubuhi na wale mchana. Mwalimu wa namna hiyo akisahihisha daftari zote za siku moja, usiku wake wote umekwisha.

Tena somo la Kiingereza lina uzito wake wa peke yake. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto akiingia sekondari, masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza: hesabu, jiografia, baiolojia na mengineyo. Mtoto aliyekuwa hodari kueleza jinsi mvua inavyotokea huwa bubu asubuhi moja. Mvua hakuisahau, amekosa maneno. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari pia. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza jambo hili wakaona kwamba Kiingereza cha wengi wa wanafunzi wetu hakitoshi kusomea masomo mengine. Iwapo mpango huu ni mwema au si mwema, hilo ni shauri jingine. Maadamu uko hivyo, mwalimu wa Kiingereza ndiye ashikaye ufunguo wa mlango. Akifundisha vibaya, mtoto hapotezi somo moja, hupoteza yote.

Basi, tuseme mema ya mgeni kwanza, kama inavyotupasa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto wa Chamazi amsikiapo mgeni akisema lugha yake mwenyewe, hujua kwamba Kiingereza si maneno ya ubaoni tu. Ni lugha ambayo watu hutaniana nayo, hugombana nayo na kupatana nayo. Woga humtoka. Mgeni huja na nyimbo, michezo na nguvu mpya ambayo mwalimu aliyechoka hana tena. Naye mgeni akirudi kwao huwa amekula ugali wetu na kukaa katika nyumba zetu. Si rahisi tena kudanganywa kwamba Afrika ni vita na njaa tu. Mambo haya ni mema, na asiyeyaona ana kijicho.

Lakini mema hayo ni ya mgeni, bado hatujayasema ya mwalimu. Mwalimu ni yule ambaye mtoto akishindwa, yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini. Katika darasa la watoto tisini, mwezi mzima hupita kabla mtu hajayajua majina yao, achilia mbali kujua nani haoni vizuri ubaoni, nani huja bila kula, nani amenyamaza kwa aibu na nani amenyamaza kwa kutojua. Mgeni wa wiki sita huondoka pale hasa anapoanza kufaa. Mtihani ukija, yeye hayupo. Matokeo yakitoka, hayasomi. Wala hatusemi kwamba ana kosa. Twasema kwamba kazi aliyopewa ina urefu wake, na siku zake hazikuufikia.

Jambo la pili ni lugha. Watu hudhani mwenye Kiingereza chake ndiye mwalimu bora wa Kiingereza. Kumbe mwalimu wa lugha anahitaji lugha mbili: ile anayoifundisha, na ile anamotoka mwanafunzi. Kiswahili kina neno moja, yeye, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza kina mawili. Mtoto wetu akiandika habari za mama yake kama kwamba mama ni mwanamume, mgeni hushangaa, labda hudhani mtoto hana akili. Mwalimu wa Kitanzania hashangai hata kidogo. Yeye mwenyewe alilifanya kosa hilo akiwa darasani, akapata njia ya kulitoka, na njia hiyo ndiyo anayoweza kuionyesha. Asiyejua mtu alikotoka hawezi kumwelekeza kwa urahisi.

Jambo la tatu ni lile ambalo watoto hujifunza bila kufundishwa. Mgeni akifika, kiti kizuri hutolewa, kipindi hukatwa, mwalimu wa siku zote husogea nyuma ya darasa. Mtoto hutazama. Huona kwamba mtu asiye na cheti cha ualimu amewekwa mbele ya mtu mwenye nacho, na sababu anayoiona ni moja tu, kwamba huyu ametoka ng'ambo. Hilo ni fundisho nalo, na hudumu kuliko msamiati wa wiki sita. Tena ziko picha. Mtoto hupigwa picha miguu mitupu, kamasi puani, ikapelekwa duniani kote kwa dakika moja bila mzazi kuulizwa. Je, mzazi wa huko angekubali mwanawe apigwe picha hivyo na mgeni aliyefika jana? Mtoto si pambo la safari ya mtu.

Jambo la nne ni la sheria na usalama. Nchi hii inataka mgeni wa kazi hii awe na kibali cha ukaazi, na mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ili ualimu uwe kazi yenye kusajiliwa kama zilivyo kazi nyingine za kitaalamu. Hakuna mzazi ambaye angekubali kijana asiyesomea uganga amdunge mwanawe sindano, ati kwa kuwa ana moyo mwema na hadai malipo. Kwa nini akili ya mtoto iwe na ulinzi mdogo kuliko mkono wake? Na mtu yeyote anayekabidhiwa watoto, awe mgeni au mwenyeji, awe mtawa au mlei, hana budi mwenendo wake ujulikane kwanza. Kuuliza si kumtukana. Mwema hafurahii mlango usiokuwa na mlinzi, maana ajua kwamba waovu nao huupenda.

Vijana wetu wanaokwenda Marekani kufundisha Kiswahili katika vyuo, kwa mpango wa Fulbright, hawachukuliwi barabarani. Hushindanishwa na kuhojiwa, huchunguzwa kama wana elimu ya ualimu au ya lugha, kisha hukaa huko mwaka mzima wa masomo. Wamarekani hawaoni haya kuuliza. Nasi tusione haya kuuliza kwetu.

Historia yetu imewahi kuonyesha mgeni wa namna nyingine. Padre Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliishi katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Alikaa chini kama mwanafunzi, akawasikiliza watu wa Zanzibar na wa mrima, akaandika waliyosema, na namna kila mji ulivyoyasema. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, na wataalamu wa Kiswahili huifungua hata leo. Aliyekuja kufundisha alijifunza kwanza, na kujifunza kwake ndiko kulikobaki.

Mwingine ni Barbro Johansson wa Swideni, ambaye watu walimwita Mama Barbro. Alifika Bukoba mwaka 1946, akafundisha wasichana huko Kashasha, katika zile zilizoitwa shule za kati, ambazo wazee wetu bado wanazikumbuka, za darasa la tano mpaka la nane. Kazi yake haikuishia hapo. Alichaguliwa kuingia Bungeni, akawa raia wa nchi hii, na katika miaka ya 1960 akawa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana ya Tabora. Alifariki mwaka 1999. Mtu kama huyu aliacha kuwa mgeni kwa kuchagua kuulizwa pamoja nasi. Mambo yetu yalipokwenda vibaya, yalikwenda vibaya kwake pia.

Tena wako wale wa Peace Corps, ambao walianza kuja Tanganyika mwaka uleule wa 1961 shirika lao lilipoundwa. Waliondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979, na wengi wao wamefundisha sekondari za mbali ambako wenyeji wenyewe hawakupenda kwenda. Miaka miwili si maisha yote, lakini ni muda wa kumwona mtoto akipanda darasa. Hata hivyo, Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, shirika hilo liliwaita nyumbani watu wake wote kutoka kila nchi. Serikali yao ilifanya wajibu wake kwa raia wake, wala hatulaumu. Twakumbusha tu kwamba shule zetu zilipofunguliwa tena katikati ya mwaka ule, aliyeingia darasani na chaki mkononi alikuwa mwalimu wa Kitanzania. Katika saa ya hofu ndipo hujulikana ni nani asiye na mahali pengine pa kwenda.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha maneno yetu. Katika nchi hii neno kujitolea lina mtu wa pili, ambaye hapigwi picha. Wako maelfu ya vijana wa Kitanzania waliohitimu ualimu na hawajaajiriwa. Wengi wao wanafundisha katika shule za umma, nao huitwa walimu wa kujitolea. Wengine hupata posho ndogo inayochangwa na wazazi. Wengine hawapati kitu. Hupanda daladala asubuhi kwa nauli ya kukopa, hufundisha vipindi vyote, husahihisha, husimamia mitihani, na jioni hurudi katika chumba ambacho kodi yake haijalipwa. Wanajitolea kwa tumaini kwamba siku moja jina litatoka katika orodha ya ajira.

Basi tuwaweke hawa wawili mbele ya macho yetu. Mmoja amelipa fedha ili apate kufundisha wiki sita, kisha atarudi penye kazi au chuo chake. Mwingine amefundisha miaka miwili bila kulipwa, wala hana pa kurudi. Wote wawili twawaita kwa jina moja. Mmoja huagwa kwa sherehe na kupewa khanga na kinyago. Mwingine akiacha kwa kuchoka, hakuna ajuaye siku aliyoondoka. Kila Mkristo anaijua habari ya mjane na sarafu zake mbili, na ajua ni nani aliyehesabiwa kuwa ametoa zaidi.

Lakini hatutaki kuishia katika kumsifu kijana huyu, kwa maana sifa nazo zaweza kuwa njia ya kukwepa deni. Mgeni ajitoleaye anatoa sadaka kweli, kwa kuwa angeweza kukaa kwao na asipungukiwe kitu. Kijana wetu je? Mtu anayefanya kazi ya lazima, kila siku, kazi ambayo shule haiwezi kusimama bila hiyo, akakosa ujira kwa sababu hana uchaguzi, huyo hatoi sadaka, anadai. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, kwamba ujira usiotosha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi ni dhuluma, hata kama mfanyakazi mwenyewe ameukubali kwa kubanwa na shida. Kuiita dhuluma kwa jina la kujitolea hakuiondoi. Haki itangulie, ndipo sadaka ipate mahali pa kukaa.

Wako wanaosema: nauli ya ndege ya mgeni mmoja ingemlipa mwalimu wa Chamazi kwa miezi kadhaa, basi mgeni akae kwao, alete fedha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haikukamilika. Fedha ile isingekuja peke yake. Mtu aliitoa kwa kuwa alitaka kuona kwa macho na kushikana mikono na watu. Tena fedha inayotumwa kwa watu ambao mtoaji hataki kuuona uso wao si upendo uliokomaa. Watu wa mataifa wanahitaji kujuana. Kwa hiyo hatusemi mgeni azuiwe mlangoni. Twasema apewe kazi inayomfaa.

Wahenga hawakuishia katika kumkaribisha mgeni. Walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hilo si la ukali. Kumpa mtu jembe ni kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Lakini jembe hutolewa na mwenyeji, katika shamba la mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeonyesha mstari wa kulima. Sisi mara nyingi tumeyageuza mambo: tumemwacha mgeni achague shamba, apande apendalo, kisha tumepiga makofi kabla mbegu haijaota.

Basi mwalimu mkuu na kamati ya shule wamwulize mgeni maswali matatu kabla hajaingia darasani: umesomea nini, utakaa muda gani, na ukiondoka nini kitabaki? Mwenye siku chache asipewe darasa la peke yake. Aketi pamoja na mwalimu mwenyeji, awe mkono wake wa pili. Awasomee watoto hadithi kwa sauti, azungumze nao katika vikundi vidogo baada ya masomo, asahihishe pamoja na mwalimu daftari ambazo mtu mmoja hazimalizi. Wakati wa mapumziko azungumze Kiingereza na walimu wenyewe, maana mwalimu mmoja ambaye ulimi wake umelegezwa atawafaa watoto miaka thelathini baada ya mgeni kusahauliwa. Naye mgeni ajifunze Kiswahili kila siku, mbele ya watoto, akosee na kusahihishwa nao. Watoto watakaomwona mtu mzima wa ng'ambo akihangaika na ngeli zetu bila kuona haya watapata moyo wa kuhangaika na lugha yake.

Mwenye sifa za ualimu na nia ya kukaa mwaka au miaka, huyo apewe darasa na mtihani wake, na matokeo yake yasomwe mbele ya wazazi kama ya walimu wengine. Heshima kubwa tuwezayo kumpa ni kumwuliza kama tunavyowauliza walimu wetu.

Nasi wenyewe tujichungulie. Ni rahisi kumcheka kijana wa ng'ambo kwa kukaa wiki sita Chamazi, wakati wako wasomi wetu wasiopata kufundisha kijijini hata wiki moja. Jambo hili ni la zamani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamika juu ya posho ndogo. Mwalimu Nyerere, ambaye naye aliwahi kushika chaki Tabora na Pugu, aliwarudisha makwao karibu 400. Kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, ili isisemwe kwamba anawataka wengine watoe asichokitoa yeye. Watu wangali wakibishana kama adhabu ile ilikuwa kali mno. Lakini juu ya mshahara wake hakuna cha kubishana: anayewataka watu wajitolee na aanze yeye.

Kwa hiyo wenye kupanga fedha za umma wawaangalie vijana wanaofundisha bila ujira, wasiione subira yao kuwa ni akiba ya hazina. Wazazi wenye uwezo wasikawie kuchangia posho ya mwalimu wa kujitolea wa mtaa wao, wakikumbuka kwamba mchango huo ni malipo ya deni, si hisani. Mwenye elimu aliyestaafu, ambaye Kiingereza chake kingali kizima, na aende shule ya karibu nawe aombe jembe; nyumba yake iko mtaa wa pili, hahitaji viza wala nauli ya ndege. Na kijana wa ng'ambo anayefikiri kuja, na aje, akijua kwamba anakuja katika shamba lenye wakulima. Akiwakuta kazini, awasalimu kwanza, aulize mstari wake uko wapi, kisha ainame alime pamoja nao.